Kumsindikiza Mgeni Hadi Barabarani

Mama yangu hakuwahi kudanganya hata ng'ombe. Watu wa kwetu Mutuini ndama akifa humchuna, wakaijaza ngozi nyasi kavu na kumsogezea ng'ombe aliyefiwa, ili ailambe akidhani ni mwanawe na kuachia maziwa. Mama alikataa. Ndama wetu mmoja alipokufa, jirani alifika na kisu tayari, kwa nia njema kabisa, na Mama akamwambia kwamba huyu mnyama amefiwa, hatamwongezea na uongo. Tulikunywa chai ya rangi hadi ng'ombe alipozaa tena. Mimi nilinuna, maana chai ya rangi sijawahi kuipenda, nikamwambia wokovu wake utatuua. Alicheka akasema hajasikia mtu aliyeuawa na chai.

Alikuwa mtu wa ushirika, wale waliookoka zamani, wanawake wa kitambaa cheupe kichwani wasiovaa hata kipuli. Desturi yao ilikuwa mtu kusimama mbele ya wenzake na kusema yaliyomo moyoni bila kuficha, kisha wote wakapiga magoti sakafuni kuomba. Magoti ya Mama yalikuwa na sugu. Mimi niliacha kwenda nilipoanza kazi mjini, kwa sababu nina hasira za karibu na maombi marefu hunichokoza, na yeye hakunilazimisha. Nilikuwa mtoto wake wa pekee. Baba alikuwa amefariki nikiwa bado shule ya msingi. Na kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, ingawa kwetu jina la kwanza huwa la upande wa baba, aliniita maitu, yaani mama yangu. Hata akinikaripia alinikaripia hivyo. "Maitu, funga hiyo mdomo ukule."

Saratani ilianza kwenye titi. Walilikata, akapewa dawa zake, akarudi kwa ng'ombe wake, na kwa muda nikasahau. Kisha nyonga ya kulia ikaanza kumuuma. Mwanzoni alisema ni baridi ya Mutuini. Baadaye akawa analala ameketi, na jioni moja nilipotoka kazini nilimkuta ameshika ukingo wa kitanda akijaribu kushuka chini kuomba. Alikuwa ameshuka nusu akakwama, hawezi kwenda chini wala kurudi juu. Nilimwinua kwa kwapa. Maumivu aliyavumilia, lakini alilia kwa kukosa kupiga magoti, na mimi nikalia kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kulia.

Wakati huo nilikuwa nauza vitambaa katika duka moja la Biashara Street, la mzee wa Kiislamu kutoka Mombasa ambaye alipima kitambaa kwa mkono wake na kumwongezea kila mteja shubiri moja bure. Nilipomwomba ruhusa ya kumshughulikia Mama hakuuliza ni ya siku ngapi. "Nenda, binti yangu," alisema. "Mzazi hana badali. Vitambaa vitangoja."

Daktari wa saratani alitutuma kwa mwenzake katika hospitali nyingine, upande wa magharibi wa mji. Huyu alikuwa amerudi nchini na ujuzi uliokuwa mgeni kwetu. Alitibu uvimbe wa mifupa kwa sindano, bila kupasua, akiongozwa na picha za skani. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyomteleza puani. Alitutundikia picha za nyonga ya Mama ukutani penye taa, na hata mimi niliyeishia kidato cha nne niliona pale mfupa ulipoliwa, mithili ya mkate uliopitiwa na panya.

"Mama, nitakueleza wazi," alisema. "Hii sindano haiponyi saratani. Inaunguza ile sehemu inakula mfupa hapa kwa nyonga, halafu tunajaza simiti ndio isibomoke. Uchungu itapungua sana. Lakini ugonjwa yenyewe bado iko."

Mama alifikiri. Alikuwa na nyumba tatu za mabati alizopangisha nyuma ya zizi, na mambo ya ujenzi aliyajua. "Ni kama kuziba paa pale inavuja," alisema.

"Ndiyo."

"Na mvua bado inanyesha."

Daktari alisukuma miwani yake juu. "Bado inanyesha, Mama. Kwa hivyo kuna kitu lazima ukumbuke. Siku utasikia uchungu mahali pengine, hasa hapa kwa paja, usingoje siku ya kliniki. Kuja siku hiyo hiyo. Huo mfupa ndio unakubeba. Kabla uvunjike tuna cha kufanya. Ukishavunjika, hayo ni mambo mengine."

Mama aliyarudia maneno hayo yote mbele yake, taratibu, kama mtoto anayesomeshwa aya ya kukariri. Nayakumbuka kwa sababu hiyo. Hakuna mtu atakayeniambia Mama hakuelewa.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi na mgao wa umeme, na siku ya sindano tulisubiri kwenye benchi hadi jenereta ya hospitali ilipotulia. Chumba cha skani kilikuwa baridi. Mashine ilikuwa pete kubwa nyeupe yenye kitanda chembamba kinachoingia na kutoka, na Mama alipolazwa juu yake na shuka la kijani alionekana mdogo sana. Aliuliza kama wanaweza kuomba kwanza. Nilitaka ardhi inimeze. Daktari alivua miwani, akainamisha kichwa, na wote mle ndani wakainamisha, hata mpiga picha aliyekuwa na haraka. Kwa mara ya kwanza maishani Mama aliomba kwa kifupi.

Mimi waliniruhusu kusimama nyuma ya kioo. Walimpa dawa ya kumtuliza na ya ganzi, lakini hakulala kabisa. Daktari, amevaa aproni nzito ya kuzuia miale, alimchora alama kwenye ngozi kwa kalamu, akaingiza sindano kidogo, akatoka. Mashine ikavuma. Kwenye skrini ikaja picha ya Mama kama amekatwa slesi, rangi ya majivu, na mstari mweupe wa sindano ukielekea pale palipoliwa. Daktari akatazama, akarudi ndani, akaisukuma kidogo tena, akatoka tena. Walienda hivyo, ndani na nje, hadi ncha ikafika. Nilikuwa nimeuona mwili wa mama yangu nje tu, ule unaokamua ng'ombe na kufua, na sasa nilikuwa nautazama ndani na sikuwa nimemwomba ruhusa.

Walipomaliza alikuwa na bandeji ndogo tu, ambayo ningeweza kuifunika kwa kidole gumba. Kabla hata hatujatoka hospitalini alianza utani. "Majirani wote wanajenga rental," aliniambia, ulimi bado mzito kwa dawa. "Sasa hata mimi nimejengwa."

Na ilifanya kazi. Nasema hivyo kwa sababu baadaye kuna watu waliosema haikufanya, na hao huwa nawajibu vibaya. Jumapili iliyofuata nilimkuta chumbani kwake amepiga magoti sakafuni, viwiko kitandani, mgongo umenyooka. Nilirudi jikoni nikalia juu ya sufuria ya uji. Alianza tena kukamua mwenyewe, ameketi kwenye kigoda chake kifupi, na ng'ombe akatulia kwa kumjua mwenye mikono.

Kosa lilitokea kwenye shukrani. Kwetu mtu akitoka hospitalini akiwa anatembea, haiwezekani kunyamaza. Lazima watu waje, mbuzi achinjwe, mukimo wa viazi na mahindi upondwe, Mungu ashukuriwe mbele ya mashahidi. Ushirika wa Uthiru ulikuja wote, na mzee wa kanisa, mtu wa sauti nene asiyehitaji kipaza sauti lakini aliyekishika hata hivyo, akasema chini ya hema letu kwamba dada yetu amepona saratani. Watu wakapiga makofi na wimbo ukaanzishwa. Nilimtazama Mama. Nilijua atasimama amsahihishe, kwa sababu asubuhi ile alikuwa ameniambia maneno atakayosema, pamoja na paa na mvua.

Alisimama. Akafungua kinywa. Kisha nikaona macho yake yamekwenda nyuma kabisa ya hema, pale mwanamke mmoja mgeni alipokuwa ameketi na msichana wake aliyenyoosha mguu mmoja mbele kama mzigo wa mtu mwingine.

"Nilikuwa siwezi kupiga magoti," Mama alisema. "Sasa napiga." Akaketi.

Usiku mgeni akishaondoka mtu hugombana na wa nyumbani mwake, na mimi hata sikungoja usiku. Nilimwuliza pale pale kwenye sinia ya vyombo mbona ameacha watu waende na uongo. "Yale nimesema ni ya kweli," alinijibu. "Ingine itangoja." Sauti yake ilikuwa ndogo. Alijua alichofanya.

Mwanamke yule alitoka Kinoo, aliuza kabeji na viazi kando ya barabara kuu. Binti yake, wa darasa la saba, aliumwa na mguu chini ya goti, na usiku ndipo uliuma zaidi, hadi akawa hawezi kukaa macho darasani. Kaka wa mwanamke huyo alikuwa amekatwa mguu kwa sababu ya uvimbe wa mfupa, na akafa hata hivyo. Tangu hapo mama mtu alikuwa ameapa hakuna daktari atakayeugusa mfupa wa mwanawe. Alimpaka mafuta, akamfunga majani, akamwombea. Aliposikia ushirikani kuna mtu aliyetibiwa mfupa kwa sindano na akatoka na miguu yake yote miwili, alikuja kujionea.

Mama ndiye aliyewapeleka kwa daktari wetu. Walipigwa picha, na daktari akawaonyesha kidude kidogo kama punje ya dengu, kimejificha ndani ya mfupa wa muundi. Akawaambia hiki si saratani. Hiki kinauma tu, lakini kitauma miaka, na ukikiunguza mara moja kwa sindano kimekwisha. Mama aliporudi nyumbani alikuwa kama mtu aliyepata ndama mapacha. "Yake inapona kabisa, maitu," alisema. "Kabisa. Si kama yangu."

Lakini sindano ya kuunguzia ilikuwa ya kutumiwa mara moja na kutupwa, na iliagizwa kutoka ng'ambo. Ilibidi kungoja. Na katika kungoja, hofu ya yule mwanamke ilirudi. Akaanza kuja kwetu, kila alipopata nafasi kwenye kabeji zake, akisema anapita tu. Alikunywa chai, akazungumza habari za bei ya viazi, na wakati wote macho yake yalikuwa kwenye miguu ya Mama. Alikuja kumtazama anavyotembea. Mama alilijua hilo kabla yangu. Angeinuka kuleta sukari iliyokuwa mkononi mwangu tayari. Na mgeni alipoaga, Mama alimsindikiza.

Kusindikiza ni kazi kwetu. Mgeni haachwi mlangoni kama muuza mitumba. Unatoka naye, mnasimama uani, mnatembea, mnasimama langoni, na kama unampenda unamfikisha barabarani, na hapo ndipo habari zenyewe hasa huzungumzwa. Mimi hilo lilinishinda. Mama alikuwa akiniambia nawasindikiza wageni kwa macho. Yeye alimfikisha yule mwanamke barabarani kila mara, akipita kando ya nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, mgongo wima, akinyanyua miguu kama bibi harusi.

Maharagwe yalikuwa yamepandwa kwa matumaini tu, maana mvua yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Karibu na wakati huo niliona Mama amemweka kijana wa jirani kukamua. Nilimwuliza kwa nini. "Huyu ng'ombe amekuwa mkali," alisema, bila kunitazama. "Ananipiga mateke."

Ng'ombe yule alikuwa mpole kuliko watu wote wa nyumba ile, mimi nikiwa wa kwanza kwa ukali. Lakini Mama alikuwa amesema, na Mama hakuwa mtu wa kudanganya, kwa hiyo nilitoka nje nikamgombeza ng'ombe.

Jumapili moja, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya sindano ya msichana, mwanamke wa Kinoo alikuja naye kutoka kanisani. Chai hakuimaliza. Alisema ameota ndoto mbaya, amemwona kaka yake. "Mama, afadhali tungoje kidogo," alisema. "Hata huyu mtoto ameanza kuzoea."

Msichana alikuwa na weusi chini ya macho kama mtu mzima.

"Niangalie," Mama alimwambia yule mwanamke. "Si mimi nilidungwa hiyo sindano? Niangalie vile natembea. Kuja niwatoe."

Akainuka. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimebeba mfuko wa sukuma wiki aliotaka wapewe, na kwa mara ya kwanza nilimtazama kama yule mwanamke alivyokuwa akimtazama, miguuni. Niliona mguu wa kulia unatua kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga ubao asiouamini. Niliona jasho nyuma ya shingo yake na hakukuwa na jua. Alizungumza njia nzima. Alimtania msichana kwamba akishapona atakuja kumkimbiza ng'ombe wetu, ambaye amekuwa na kichwa kikubwa. "Sawa, shosho," msichana alisema, kama anayemjibu nyanya yake, na akatabasamu. Walipita lango. Mama aliendelea nao hadi barabarani, akawashika mikono, akamwambia mama mtu, "Kesho muende. Mimi nitakuwa naomba." Wakashuka na njia.

Mama aligeuka kurudi. Alipiga hatua, nikasikia mlio mkavu, kama kijiti cha kuwashia moto kinavyovunjwa gotini, na akaenda chini kwenye nepia.

Nilifungua kinywa kupiga ukelele. Alinishika kifundo cha mguu.

"Usiite," alisema. "Hawajafika kona."

Nikapiga magoti nimshike, akanisukuma nikasimama tena. Uso wake ulikuwa umekuwa rangi ya jivu. Alivua kitambaa chake cheupe kichwani, akakiingiza mdomoni, akakiuma. Nywele zake zilikuwa zimebaki chache na mimi sikuwa nimejua. Mbele kule yule mwanamke alisimama pale njia inapokunja, akageuka kutazama nyuma kama watu wanavyofanya. Nepia ilikuwa ndefu. Aliniona mimi tu.

Mama alitoa kitambaa mdomoni. "Wapungie," alisema.

Nikainua mkono. Niliwapungia, mama yangu amelala miguuni pangu na mfupa umevunjika, nami nikawapungia kama mtu aliyewatoa wageni wake vizuri. Msichana naye akapunga. Wakakunja kona. Ndipo Mama alipoachia sauti, na sauti ile sitaieleza hapa.

Jirani alileta pikapu yake. Nilimwambia dereva hospitali ya daktari wetu, na Mama, ambaye alikuwa akipoteza fahamu na kuzirudia, akakataa. "Si huko. Kesho watakuwa huko." Tulimpeleka kwingine. Nilikuwa na hasira hadi meno yananiuma, na sikujua ni ya nani.

Daktari wa sindano nilimpigia simu mwenyewe, akaja kumwona huko tulikokuwa, Jumanne jioni alipomaliza kazi zake. Alisimama kando ya kitanda na picha mpya mkononi. Jambo la kwanza Mama alilomwuliza lilikuwa habari za msichana.

"Imeenda vizuri," alisema. "Usiku wa kwanza amelala mpaka asubuhi. Mama yake ameniambia alimwamsha akidhani amekufa."

Mama alifumba macho akacheka kidogo.

"Ulikuwa unaumwa tangu lini?" daktari akamwuliza.

"Tangu maharagwe ipandwe."

"Mama, si nilikuambia?"

"Uliniambia vizuri sana. Ningekuja, ungenilaza. Na Kinoo wangesikia kabla sijapewa kitanda. Huyo mama angechukua mtoto wake arudi nyumbani." Alipumzika. "Ile yangu ni ya mvua, daktari. Yake ilikuwa tundu moja."

Daktari alivua miwani na kuishika tu mkononi, kama siku ile Mama alipoomba katika chumba cha skani. Mimi nilikuwa na cha kumjibu. Alipotoka nilimwambia Mama kila kitu kilichokuwa kifuani mwangu. Nilimwambia ana mtoto mmoja, na mtoto huyo si wa Kinoo. Nilimwambia angeniambia hata mimi peke yangu, ningenyamaza.

"Wewe?" alisema. "Wewe ungenibeba mgongoni siku hiyo hiyo unipeleke. Ungeniokoa, maitu. Ndio maana sikukuambia."

Nilitoka nje ya wodi nikasimama kwenye ujia. Sijawahi kuambiwa neno la upendo lililonichoma kama hilo, na hadi leo sijui kama nimemsamehe.

Walimwekea chuma kwenye paja. Lakini damu yake ilikuwa imekwisha nguvu, na kulala chali kulimjaza maji mapafuni. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikimgombeza ameze, na yeye akiniita maitu na kumeza kwa kuniridhisha. Siku za mwisho aliomba nimlaze ubavu na nimkunje magoti, hata kama ni kitandani. Nilimkunja polepole, lile lililoweza kukunjika, na akaomba hivyo. Alifariki kabla maharagwe hayajakomaa.

Mzee wangu wa duka alikuja Mutuini kwenye mazishi na kofia yake nyeupe, akasimama pembeni ya ushirika uliokuwa ukiimba, amefungua viganja vyake. Alikuwa ameleta kitambaa cha shuka, kizuri kupita vyote dukani, na hakukipima. Mzee wa kanisa alihubiri kwamba dada yetu alikuwa ameponywa saratani, ila ajali haina kinga. Nilimwacha. Yule mwanamke wa Kinoo nilimwona kwa mbali na nikamkwepa, kwa sababu nilikuwa nimemwekea maneno. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nilitaka ajue mwanawe amelala usingizi kwa mfupa wa nani.

Alikuja nyumbani mwenyewe, mchana mmoja, watu walipokwisha kutawanyika. Alibeba kabeji mbili kubwa, na msichana alikuja mbele yake. Sikumtambua mara moja. Weusi chini ya macho ulikuwa umeondoka, na alikuwa anatembea kama watoto wanavyotembea, bila kuifikiria miguu. Aliuliza kama anaweza kwenda kumwona ng'ombe. Nikamwambia aende.

Mama yake aliketi. Chai yangu hakuigusa. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake.

"Nataka kukuuliza kitu," alisema hatimaye. "Watu wa ushirika wanasema vitu tofauti. Mama alianguka lini? Kuna mtu aliniambia ni ile Jumapili tulikuja. Ile alitutoa mpaka barabara."

Maneno yangu yote yalikuwa tayari. Niliyasikia yamejipanga ulimini. Nje msichana alikuwa anacheka, ng'ombe amemlamba, na kicheko kile kiliingia dirishani kabla sijafungua kinywa.

"Hapana," nilisema. "Ilikuwa baadaye. Ile Jumapili alirudi ndani tukanywa chai. Akaongezea sukari."

Mabega yake yakashuka, akavuta kikombe chake, akanywa chai yote ikiwa imepoa. "Nimekuwa silali," alisema.

Walipoaga nilitoka nao. Nilisimama nao uani, nikasimama nao langoni, nikawafikisha hadi barabarani kando ya nepia, nami ni mtu wa kusindikiza kwa macho. Mwanamke alinishika mikono yote miwili. Msichana alikuwa ameshatangulia, na alipoona njia inateremka alikimbia hadi kwenye kona, bila sababu yoyote, na pale akamngoja mama yake. Waligeuka wakanipungia. Nikapunga mpaka wakakunja.

Kisha nikaketi chini pale pale kwenye nepia, mahali alipokuwa amelala, nikamlilia mama yangu kwa sauti yangu yote. Hakuwapo tena wa kuniambia nisiite.